Kampuni ya mafuta yanitaka niwe mtu wao Pate

"Assalamu alaykum, mama. Mimi ni binti wa Faza, nina miaka 26 na shahada ya maendeleo ya jamii. Kampuni ya kandarasi itakayofanya utafiti wa mafuta na gesi baharini imenipa nafasi ya kuwa afisa uhusiano wa jamii kwa mkataba wa miezi saba. Kaka yangu ni mvuvi. Aliposikia alinyamaza siku mbili. Babangu asema riziki haikataliwi. Mtaani wameshaanza kuniita mtu wa kampuni. Kazi yenyewe hasa ni ipi, niichukue, na mshahara niombe vipi?"

Waalaykumu salaam, mwanangu. Naanza na kaka yako, maana kimya chake kimenigusa kuliko maneno ya mtaa. Mvuvi wa Faza aliyeona ghuba ya Manda ikigeuka tope bandari ya Lamu ilipokuwa ikichimbwa upande wa Kililana ana haki ya kunyamaza siku mbili. Ujenzi wa bandari ile ulizinduliwa Machi 2012. Wavuvi walikwenda mahakamani, na ilikuwa 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilipoamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Watu wengi wazikumbuka hizo bilioni. Mimi vijana wanaotaka kazi kama yako huwaambia wasome sababu za hukumu. Mahakama iliona wamevunjiwa haki zao za uvuvi wa jadi, za mazingira safi, za utamaduni, na pia haki ya kupata habari za mradi unaowagusa.

Hiyo ya mwisho ndiyo kazi yako. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ichukue, iwapo mkataba utapita mitihani michache nitakayokutajia humu. Usipopita, mwachie mwingine wala usijutie.

Barua ya kazi itakuwa imekuandikia "kujenga uhusiano mwema baina ya kampuni na jamii". Maneno matamu, hayana mfupa. Kazi hii nimeifanya miaka tisa, na nilipoanza nilidhani siku zangu zitaishia barazani nikibishana na wazee. Ziliishia ndani ya kontena, kiyoyozi kikinigandisha vidole, nikibishana na mtu wa ratiba. Wazee wajua wanachotaka na wanakisema. Asiyejua ni yule wa ofisini. Hajui kwamba Ijumaa mchana hakuna mkutano. Hajui kwamba siku za Maulidi nusu ya Pate iko Amu. Hajui kwamba ukipanga kuonana na kina mama wa pweza wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, utakuta viti vitupu, kwa sababu wenyewe wako mwambani na vijiti vyao. Ratiba huandikwa Nairobi, pengine ng'ambo, na mtu asiyejua kwamba boti ya Mtangawanda yangoja maji yajae ndipo ipite Mkanda. Kumfanya mtu huyo abadilishe tarehe ndiyo sehemu kubwa ya kazi yako, na ukifanikiwa, mtaani hakuna atakayejua kuwa umefanya chochote.

Nikupe mfano mmoja kwa urefu, kwa sababu utakutana nao mapema.

Meli ya utafiti huvuta nyuma yake nyaya zenye vinasa sauti, ndefu kilomita kadhaa. Mitambo yake hutoa mapigo ya hewa iliyoshindiliwa kila baada ya sekunde chache. Sauti yashuka mpaka chini ya sakafu ya bahari, yagonga matabaka ya mawe, yarudi, na kompyuta yachora picha ya kilichoko huko. Meli yenyewe yaenda polepole, mwendo wa mtu akimbiaye taratibu, lakini haiwezi kusimama wala kukata kona ghafla, nyaya zitasokotana. Ndiyo maana mbele yake hutangulia boti za kulinda njia, na kila wavu, dema la kutegea samaki au boya lililoko kwenye mstari sharti liondolewe kabla haijafika.

Meli hiyo hupenda bahari tulivu, maana mawimbi huharibu vipimo. Bahari yetu hutulia lini? Majira ya matlai na kaskazi. Na mashua zetu hutoka nje ya mwamba lini? Hayo hayo matlai na kaskazi. Kusi yote watu wamejibanza ndani, wanakula akiba na madeni, wakingoja bahari ifunguke. Siku inafunguka, anatokea mtu mwenye jaketi la rangi ya chungwa anawaambia wasogee. Si lazima pawe na mtu mbaya hapo. Kalenda mbili zimegongana, na wewe ndiye pekee katika ofisi ile unayezijua zote mbili. Ukiwa mezani miezi mitatu kabla, waweza kuomba mistari iliyo karibu na mwamba ipimwe mapema, kabla madema hayajatoka kwa wingi. Waweza kuhakikisha wazamiaji wa kamba wa Kizingitini wamepewa siku kamili kwa tarehe, maana mtu aliyezama hapaswi kuwa karibu na mapigo yale hata kidogo. Ukiajiriwa meli ikiwa tayari iko Mombasa yatia mafuta, huna la kuomba. Utakuwa mbeba matangazo.

Basi huo ndio mtihani wa kwanza: waulize wewe waanza lini na meli yafika lini. Wakikujibu wiki mbili, wanatafuta sura ya kienyeji ya kusimamisha mbele. Wakikujibu miezi miwili au mitatu, endelea kuwasikiliza.

Na matangazo yenyewe. Kuna tangazo rasmi kwa mabaharia, lazima litolewe, lakini mimi sijapata kumwona nahodha wa mashua ya Kiunga akilisoma. Nahodha habari huzipata bandani, kwa mwenyekiti wa BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, kwa redio, na kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Wa sauti, nasema, si wa maandishi. Rekodi kwa Kitikuu chenu, dakika moja tu, taja majina ya mahali kama wavuvi wanavyoyataja.

Jambo la maneno ni zito kuliko kampuni zinavyodhani. Siku moja mtaalamu wetu, kijana mwenye adabu zake, alisimama mbele ya watu wa kijiji kimoja na mfasiri aliyetoka bara. Kwa Kiingereza mitambo ile ya hewa ina jina lenye bunduki ndani yake, na mfasiri akalileta kama lilivyo: "Tutatumia bunduki thelathini na mbili." Mahali ambapo watu wameishi na amri za kutotoka usiku na malori ya askari! Mkutano ule haukufungwa, ulitawanyika. Wiki tatu zilipita kabla wazee hawajakubali kukaa nasi tena. Tangu siku hiyo nikawa sikubali hotuba yoyote isemwe kabla sijaiona usiku wake, na waliniona mkaidi, na sikujali.

Kisima cha mafuta nacho kina kisa chake. Visiwani kwetu maji ni ya mvua, ya jabia, au ya visima vifupi ambavyo ukivichota kupita kiasi hugeuka chumvi. Ukisema "tutachimba kisima", watu wamesikia maji. Pale Siyu bibi mmoja aliniuliza, "Na maji yake ni tamu?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana lilikuwa swali bora la siku ile. Lilitulazimisha tuseme wazi kwamba kisima hicho si cha maji, kwamba huenda kisiwe na chochote ndani yake, na kwamba kikiwa kikavu kitazibwa kwa saruji na watu waondoke.

Hilo la kukuta kitupu ulishike kwa mikono miwili. Mtu wetu akisikia mafuta huona Dubai. Wewe zijue habari za nyumbani kwa majina. Pwani hii imetobolewa tangu miaka ya 1960. Pate yenyewe ilichimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikarudiwa miaka ya karibuni. Baharini walichimba visima vya Pomboo 2007, Mbawa 2012, Kubwa na Kiboko 2013, na Mlima mwishoni mwa 2021. Mbawa ilikuta gesi, lakini si ya kutosha biashara. Mpaka leo bonde la Lamu halijauza pipa hata moja. Hata Turkana, walikoyapata kweli mwaka 2012, shehena ya kwanza ya majaribio iliondoka Mombasa Agosti 2019, na baina ya miaka hiyo wenyeji walikuwa wameshaandamana kudai ajira na zabuni hadi kazi ikasimama Oktoba 2013. Miezi kumi na tisa tu tangu ugunduzi! Matumaini hukimbia kuliko mitambo.

Utaulizwa pia kuhusu asilimia. Jibu lake ni hili: Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inasema katika fungu la serikali la faida, kaunti ipate asilimia 20 na jamii ya mahali asilimia 5, na hilo la jamii liingie katika mfuko wa amana. Fungu lenyewe huja mafuta yakizalishwa na kuuzwa, na kila moja lina kikomo chake kisheria. Utafiti hauna asilimia. Mwanasiasa atakayekaa nawe meza moja atasema asilimia 5 kana kwamba iko mfukoni mwake, na watu watakugeukia wewe kwa macho. Usimtahayarishe mbele za watu. Ngoja zamu yako, uisome sheria kama ilivyo, ukae.

Kuhusu ajira, sema ukweli mchungu mapema. Meli ya utafiti huja na watu wake. Kwetu hubaki nafasi chache: boti za kulinda njia, mtu wa kuzungumza na wavuvi akiwa melini, upishi, ulinzi, nyumba za kupanga. Zote za miezi. Nikikumbuka vizuri, kila nilipotaja idadi ndogo ya kazi tangu siku ya kwanza, watu walinung'unika kisha wakazoea. Mara moja tu nilisema "kutakuwa na nafasi", bila idadi, kwa kuwa bosi alikuwa amenikodolea macho. Vijana walikesha nje ya lango letu siku nne wakiwa na vyeti vyao katika mifuko ya plastiki. Nilijificha ofisini. Mpaka leo nikikutana na wawili kati yao pale forodhani hushika njia nyingine.

Kwa hiyo jizoeze maneno haya: "Sijui. Nitauliza. Nitarudi Jumanne." Na Jumanne urudi, hata kama ofisini hawajakujibu. Urudi useme hawajanijibu.

Sasa karatasi ya mahudhurio. Hii wengi huichukulia kitu kidogo. Watu wakija mkutanoni hutiwa kwenye orodha: jina, kitambulisho, simu, sahihi. Kampuni huitia orodha hiyo nyuma ya ripoti kuonyesha kwamba umma umeshirikishwa. Mwananchi wa Lamu keshajifunza kwamba sahihi yake yaweza kuvaa nguo nyingine njiani. Alikwenda kusikiliza; baadaye aambiwa alikubali. Andika juu ya karatasi, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: KUHUDHURIA SI KUKUBALI. Nambari ya kitambulisho ifute, haina kazi. Asiyetaka kutia sahihi asitie, mhesabu tu. Picha upige baada ya kuomba ruhusa, na kina mama waulize wenyewe, usimuulize mzee wa mtaa kwa niaba yao.

Na uangalie wakati wa mkutano. Lile shauri la kiwanda cha umeme wa makaa kule Kwasasi lina somo lililolala hapo. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilikuwa imetoa leseni 2016, na Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira likaifuta. Mikutano ilikuwepo, si kwamba haikuwepo. Lakini ilifanyika kabla ripoti ya athari haijawa tayari, na ripoti ilipokamilika watu hawakupewa nafasi ya maana ya kuijadili. Maana yake kwako ni kwamba mkutano wa kujitambulisha ukiwa na sambusa na soda hauhesabiki kuwa mkutano wa kujadili matokeo. Utaambiwa "tulishakwenda Faza". Jibu: tulikwenda na nini mkononi? Muhtasari wa ripoti uwe kwa Kiswahili, kurasa kumi au kumi na mbili, uachwe kwa chifu, msikitini, shuleni na kwa BMU, kisha zipite siku za kutosha watu wausome na kuugombania, ndipo urudi.

Posho ni mtego wake. Nauli ya boti uirudishe kwa kiwango kile kile kwa kila mtu, kiandikwe ukutani. Bahasha ya mzee mmoja pembeni, hata iwe ndogo namna gani, kabla ya magharibi itakuwa imefika Kizingitini na imekuwa kubwa mara tatu.

Mtihani wa pili wa mkataba wako ndio unaoniogopesha. Wewe utaripoti kwa nani? Kampuni nyingine humweka afisa uhusiano wa jamii chini ya mkuu wa usalama. Hapo kwetu, mwanangu, usikubali. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 na msako uliofuata, mtu anayezunguka vijijini akiuliza maswali kisha usiku anaandika ripoti kwa mtu wa usalama hajulikani kuwa afisa uhusiano. Ana jina jingine, na jina hilo laweza kukugharimu. Lazima uripoti kwa mkuu wa mazingira na jamii, au kwa meneja wa mradi mwenyewe. Na katika daftari lako usiandike nani amesema nini kisiasa, nani anaongoza vijana, nani anaipinga kampuni. Andika hoja, acha jina. Meneja akikuuliza "ni nani hao wachochezi", mpe orodha ya malalamiko yao yenye namba.

Hao wanaoitwa wachochezi uwaalike kwanza, tena. Wanaharakati wetu wa Lamu wanasoma ripoti za kurasa mia nne ambazo meneja wako hajazifungua. Mara mbili walinionyesha kosa la ramani kabla halijawa aibu.

Fidia ya vyombo sasa, hapa utapata kazi nyingi. Dema limekatwa kamba, wavu umeburutwa. Kabla meli haijaja, kaeni na BMU za Faza, Kizingitini, Ndau, Kiwayu, Mkokoni, kila moja itakayoguswa, mkubaliane bei ya kila kitu: dema jipya, dema lililochoka, wavu kwa aina yake, boya, kamba kwa pima. Karatasi hiyo isainiwe. Usipofanya hivyo, siku ya madai dema litakuwa na bei mbili, ya kampuni na ya mwenye hasira. Kila boya litiwe alama ya rangi na namba, na katibu wa BMU awe na daftari lake, kwani la kampuni peke yake halitoshi.

Lakini kitu kilichonikosesha usingizi kilikuwa siku za kukosa kuvua. Mashua imekaa nanga siku tano kwa kuwa meli yapita. Nani alipwe? Ofisi humlipa mwenye chombo, kwa sababu ndiye mwenye leseni na ndiye mwenye akaunti. Wewe wajua mapato ya mashua hugawanywa kwa mafungu: gharama zikishatoka, chombo kina fungu lake, nahodha lake, mabaharia yao. Ukimlipa tajiri peke yake, mabaharia wanne wamelala njaa kwa fidia ya kampuni yako. Tena kuna mama karanga. Yeye hununua samaki asubuhi, akaange, auze jioni, na kesho yake anunue kwa pesa za jana. Siku tano bila samaki mtaji wote umekwisha. Kanuni za BMU zawatambua wachuuzi pamoja na wenye vyombo na mabaharia, basi una pa kusimamia. Mara ya kwanza sisi tuliwasahau. Waliotukumbusha walikuja kina mama kumi na saba, wakaweka makarai matupu mlangoni pa ofisi, wakakaa kimya. Mhasibu wetu, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa ameniambia hakuna kifungu cha kuwalipa, alikipata kabla ya adhuhuri.

Daftari la malalamiko liwe na maneno ya mlalamikaji kama alivyoyasema. Akisema "mumeniulia bahari", usiandike "mdau ana wasiwasi kuhusu mazingira". Mpe namba, mpe siku ya kujibiwa. Lalamiko lifungwe siku mwenyewe ameelezwa na ametia neno lake, hata kama hakuridhika, na hilo la kutoridhika nalo liandikwe. Ofisini utaona watu wanafunga malalamiko kwenye kompyuta mwisho wa mwezi ili chati iwe ya kijani. Gombana nao. Kampuni kubwa zinazokopa benki za kimataifa hutakiwa kufuata viwango vya mwaka 2012 vya IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni, na humo utaratibu wa malalamiko ni sharti. Wakikukazia shingo, waambie mkaguzi wa mkopeshaji atakapokuja utamfungulia daftari lako, si chati yao.

Mshahara sitakutajia tarakimu. Zungumza nao lakini kwanza uliza nani analipa mafuta ya boti, maana afisa asiye na mafuta ni karani. Uliza bima: yakugharamia ukiwa njiani baharini, au ndani ya uzio tu? Jaketi la kuokolea upewe lako, linalokukaa. Uliza kama una uwezo wa kusimamisha boti ya kampuni ukiona iko juu ya madema ya watu, na kama uwezo huo umeandikwa. Miezi saba iwe na mwezi wa mwisho wa kurudi kila kijiji kuwaambia utafiti ulifanyika wapi, malalamiko mangapi yamebaki, na nani wa kumpigia simu meli ikishaondoka. Wengi hukata mwezi huo kupunguza gharama. Wakikukatia, utaufanya wewe bila malipo, maana wao wataondoka na wewe waishi Faza.

Kuhusu kuitwa mtu wa kampuni: utaitwa. Ukiwa kazini vaa jaketi lao wakuone, usijifiche. Ukirudi nyumbani livue. Arusi, hitima, kisomo, nenda kama binti wa fulani, na mtu akianza kukueleza habari za dema lake penye pilau mwambie kwa upole aje kesho asubuhi. Jamaa watakuomba kazi. Babako huyo huyo wa riziki haikataliwi atakuletea mtoto wa rafikiye. Kura ipigwe hadharani mbele ya BMU, majina koponi, na ukoo wako wakikosa wakose mbele ya macho ya watu.

Narudi kwa kaka yako. Akiwa na dai lolote, lisipite mikononi mwako. Lishikwe na mwenzako, na wewe uandike kwamba ni nduguyo. Usimwombe akubaliane na kazi hii. Nenda kwake na karatasi kubwa ya manila na kalamu ya risasi, umwombe akuchoree maeneo ya kuvua, kwa majina yake na alama zake: mnara upi wasimama juu ya mnazi upi, mwamba gani waanza pale pale, wapi hutegwa kaskazi na wapi kusi. Ramani ya meli ina digrii na dakika tu, majina hayo haina. Kisha tafuta mtu wa BMU mwenye GPS, mpite na boti siku moja ya maji mafu, mtie kila jina namba yake. Karatasi hiyo ukiiweka mezani siku yako ya kwanza kazini, mtu wa ratiba atalazimika kuzungumza nawe.

Akikubali kukaa nawe jioni moja, niandikie. Akikataa pia niandikie, tutatafuta nahodha mwingine wa kuanza naye.